Nusu ya Mstari

Mzee aliyenifundisha useremala alinikataza kugusa mashine yake kwa mwaka mzima. Kibanda chake kilikuwa Keko, Dar es Salaam, na mashine hiyo ilikuwa katikati: fremu ya vyuma vya kona iliyochomelewa, shafti juu ya beringi mbili, mkanda ulioshuka hadi kwenye mota, na juu kabisa meza ya mbao nzito yenye ufa mwembamba ambamo diski ilichomoza. Mimi nilipewa msumeno wa mkono, penseli na vipande vya msonobari. Nichore mstari, nikate. Nikishakata, mzee alikiinua kipande hadi karibu na macho yake, kisha akakirudisha. "Umeula mstari wote, mwanangu. Nusu yake ibaki kwenye mbao unayoitaka."

Leo nina banda langu nyuma ya nyumba, mita 3 kwa 4. Nilipoanza kutafuta msumeno wa meza wa kuweka humo, nusu ile ya mstari ndiyo niliyokwenda nayo dukani, ingawa ilichukua muda kabla sijaelewa hivyo.

Muuzaji hukutajia wati. Wati 1,500, wati 1,800, wati 2,000, utadhani unanunua ng'ombe wa kukokota gari. Nguvu ina maana yake, sikatai. Lakini kwenye msumeno wa meza kitu cha kwanza kukishika ni mwongozo, yaani kile chuma kirefu ambacho ubao huegemea unapopita kando ya diski. Usogeze, ufunge, kisha usukume ncha yake ya mbali kwa kidole gumba. Ikicheza, rudisha fedha mfukoni. Ukiona umetulia, toa futi kamba upime kutoka kwenye mfereji wa mezani hadi kwenye mwongozo, mbele na nyuma. Vipimo viwili visipolingana, pale dukani utaona ni kitu kidogo. Nyumbani utakuja kuona mtoto wa meza asiyeingia mahali pake.

Msumeno wangu wa kwanza ulikuwa na nguvu za kutosha, na mwongozo wake ulijifunga mbele tu. Kila nilipoukaza, nyuma ulisogea milimita 2 kuelekea kwenye diski. Ubao ulibanwa ukaungua, ukatoka na makovu meusi yaliyonichukua nusu siku kuyaranda. Ndipo nilipomkumbuka mzee. Mwongozo wake haukutoka kiwandani. Ulikuwa ubao mnyoofu wa mkongo, umebanwa kwa klampu mbili, na kila mara kabla ya kupasua aliuangalia kwa kijiti alichokikata mwenyewe, mbele na nyuma. Kijiti kile kilikuwa sahihi kuliko mashine yangu mpya, kwa sababu mzee hakuwahi kukiamini mara moja tu akaridhika.

Hapa pana jambo zito kuliko unyoofu. Diski ya inchi 10 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, meno yake hukimbia zaidi ya kilomita 190 kwa saa. Meno ya mbele hushuka yakiukandamiza ubao mezani, bali ya nyuma hupanda. Ubao ukibanwa kati ya mwongozo na yale ya nyuma, hunyanyuliwa na kurushwa moja kwa moja kwa aliyeusukuma. Mbao nyingi tunazouziwa mtaani hazijakauka sawasawa, na ukizipasua nyuzi zake hujifinya, mpasuko ukafumba nyuma ya diski. Kwa hiyo usinunue msumeno usio na kile kisu kisicho na makali kinachosimama nyuma ya diski na kupanda na kushuka pamoja nayo, kikiuweka mpasuko wazi. Mafundi wengi hukitoa wakidai kinawachelewesha. Nawaomba wakirudishe. Huko Marekani, Steve Gass, mwanafizikia ambaye pia ni mwanasheria wa hataza, alibuni mwaka 1999 mfumo unaohisi mguso wa ngozi na kuisimamisha diski ndani ya sehemu 5 kati ya 1,000 za sekunde. Namheshimu sana mtu yule. Bei ya misumeno yenye mfumo huo sijaifikia, basi nina kisu cha nyuma, nina kijiti cha kusukumia, na nasimama kando ya njia ya ubao, kamwe si nyuma yake.

Kuhusu mota, zipo za aina mbili. Zenye brashi za kaboni ni nyepesi, zina kelele kubwa, na mtu mmoja anaweza kuubeba msumeno wake hadi uani. Zisizo na kaboni ni nzito na tulivu, hudumu miaka mingi, ila zinataka umeme mzuri zinapowaka. Jioni mtaani kwetu umeme hushuka, na mota ya namna hiyo ikikosa nguvu hunguruma na kupata moto bila kuzunguka. Nilichagua yenye kaboni, nikaivutia waya mnene badala ya ule mwembamba wa kuunganishia feni.

Diski inastahili maneno mengi zaidi, maana ndiyo inayozungumza na mti. Ya meno 24 ni ya kupasua kwa urefu, kwa kuwa nafasi kubwa kati ya meno hutoa unga upesi. Ya meno 60 ni ya kukata kukatisha nyuzi, na huacha uso laini. Kisha kila mti una tabia yake. Msonobari hupaka utomvu kwenye meno hadi diski ikawa kama imepakwa gundi. Mtiki una chembe za mchanga ndani ya nyuzi zake, huyafanya meno butu polepole bila kelele. Mvule ndio wa kuogopwa: mara nyingine huficha jiwe katikati ya gogo, jiwe la kweli la chokaa lililoota humo mti ukiwa hai, na diski ikilikuta unalia. Nimelia mara mbili. Bado naupenda mvule. Vumbi lake lakini huwasha ngozi na kifua, na vumbi la mbao kwa ujumla limeorodheshwa na IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, tangu mwaka 1995 miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani, kwa hiyo barakoa haivuliwi.

Kwa kuwa banda ni dogo, msumeno nimeuelekeza mlangoni, ili ubao mrefu unapomaliza kupita utokee uani, karibu na kamba ya nguo.

Mwezi uliopita mzee alikuja kunitembelea. Nilimpa shikamoo, nikamletea kiti, hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye msumeno. Hakuuliza bei wala wati. Alichagua kipande cha mninga, akakikata kukatisha, akageuza nusu moja juu chini, kisha akazisukuma nusu mbili zikutane juu ya meza, uso kwa uso. Ukifanya hivyo, kosa la diski huonekana mara mbili. Akainama, jicho usawa wa meza, mwanga wa mlango ukiwa upande wa pili. Nami nikainama. Chini mbao zilikuwa zimegusana. Juu palikuwa na uzi wa mwanga, mwembamba kuliko mstari wa penseli.

"Diski yako imelala," akasema.

Nikachomoa waya ukutani. Yeye alishakunja mikono ya kanzu, anapapasa chini ya meza akiitafuta skrubu.