Mgongo Unaosikia

Mwezi wa sita, Arusha haina huruma kwa nepi. Ukungu hushuka kutoka mlima Meru alfajiri, ukalala juu ya migomba ya Ilboru mpaka saa nne, na nguo uliyoanika jana asubuhi unaikuta leo na unyevu ule ule. Mwanangu wa kwanza alizaliwa mvua za masika zilipoanza, na baridi hiyo ikamkuta ana miezi mitatu. Nilikuwa na nepi kumi na mbili, jiko moja la mkaa la kuzikaushia, na mtoto asiyekubali kulazwa. Nikimweka chini, analia. Nikimpakata, ananyamaza, lakini uji unaungua.

Jirani yetu, bibi wa Kiarusha ambaye mtaa mzima tulimwita Koko, alikuja siku moja kuomba moto akatukuta tunalia wote wawili. Nikamwamkia huku najifuta uso. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Lete khanga." Nikamletea mpya, iliyokuwa bado imekunjwa tangu dukani. Akaigusa, akanirudishia. "Hii ina wanga, inateleza. Lete iliyochoka."

Nikaleta iliyochoka. "Inama," akaniambia. Nikainama. "Inama zaidi. Mgongo uwe meza." Akamtelezesha mtoto kutoka nyonga yangu ya kushoto hadi katikati ya mgongo, kiganja chake kimemshika makalio. Akatandaza khanga juu yetu kama mtu anayetandika kitanda, akalainisha mikunjo, akapitisha pindo la chini chini ya mapaja ya mtoto. Ncha za juu akanipa mwenyewe nizikaze juu ya matiti, na akanionyesha kwamba kukaza si nguvu za vidole. Unapinda pindo ndani ya pindo, kisha uzito wa mtoto wenyewe ndio unaofunga. "Simama. Ruka kidogo." Nikaruka kwa woga. Mtoto akashuka kidogo tu, akakaa. Muda si mrefu alikuwa amelala, shavu lake kati ya mabega yangu, nami nikaitazama mikono yangu miwili kama mtu aliyerudishiwa mali yake.

Nakumbuka jambo moja jingine la siku ile. Muda wote alipokuwa ananifundisha, Koko alikuwa akiyumba taratibu, kushoto, kulia, kushoto. Mgongoni mwake hamkuwa na mtu. Kitindamimba wake alikuwa baba wa watoto wanne.

Tangu siku hiyo naiheshimu mbeleko kama ninavyoheshimu kazi ya seremala au ya mfinyanzi. Ni ufundi kamili. Ina malighafi yake, na aliyezoea huijua kwa kugusa: khanga iliyofuliwa mara nyingi kwa mchana wa jua, kitenge kizito kwa asubuhi ya ukungu. Ina vipimo vyake pia. Magoti ya mtoto yawe juu kuliko makalio, miguu imkumbatie mama kama chura, shingo isibonyee, pua iwe wazi. Wataalamu wa mifupa siku hizi wanasema mkao huo wa miguu iliyotanuka ndio unaosaidia nyonga changa kukaa vizuri kwenye kikombe chake. Bibi zetu hawakuwa na picha za eksirei. Walikuwa na vizazi vya watoto waliotembea.

Dunia nayo imekuja kujifunza kumbeba mtoto mwilini. Muuguzi wa Marekani, Ann Moore, alikwenda kujitolea Togo mwanzoni mwa miaka ya 1960, akawaona akina mama na watoto wao mgongoni, watulivu, wakiendelea na shughuli. Aliporudi kwao na kujaliwa mtoto akataka kumbeba hivyo hivyo, na mwaka 1969 akapata hataza ya mfuko wa kubebea mtoto ulioitwa Snugli. Na huko Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, daktari Edgar Rey Sanabria alipokosa mashine za joto za kuwatosha watoto njiti, aliwaweka vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Leo njia hiyo, inayoitwa ya kangaruu, inapendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na hospitali zetu zinaifuata. Nikisoma habari hizi namwona Koko na khanga yake iliyochoka: mwili wa mama ni chumba, na mtoto anajua njia ya kuingia.

Lakini faida ya mikono miwili si kubwa kuliko zote. Kubwa zaidi ni kwamba mgongo husikia. Kabla ya mbeleko nilidhani mtoto hufahamika kwa kumtazama usoni. Baada ya miezi michache nilimjua kwa mbavu zangu. Nilijua amelala pale uzito wake ulipoongezeka ghafla, kwa maana mtoto aliyelala huachia mwili wote. Nilijua yuko karibu kuamka kwa kidole cha mguu kilichoanza kunikuna kiunoni. Alipocheka mara ya kwanza kwa sauti, kwa sababu ya jogoo aliyeruka ua, nilikihisi kicheko mgongoni kabla hakijafika masikioni.

Siku moja nilikuwa soko la Kilombero nachagua nyanya. Muuzaji alikuwa akinihesabia chenji nikahisi sehemu moja kati ya mabega yangu imepata moto, na ule moto haukuwa wa jua. Pumzi ya mtoto ilikuwa fupi. Sikumfungua kumtazama. Niliacha nyanya, nikapanda hiace ya kwanza hadi zahanati, na kipimajoto kikasema nilichokwisha kuambiwa. Homa ilipoanza kushuka usiku, niliijua tena kwa njia ile ile, kwa jasho lake lililopoza fulana yangu.

Sitaki kuisifu mbeleko kana kwamba haina uzito. Ina uzito. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na kazi hiyo huanzia kiunoni. Wa pili alipozaliwa, wa kwanza alikuwa na miaka miwili na nusu, akasimama mlangoni na mikono juu: "Na mimi, mama. Nibebe na mimi." Mgongo ni mmoja. Kuna asubuhi niliyompa mdogo mgongo na mkubwa nikamshika mkono, akalia njia nzima mpaka barabarani, na mimi pia nikalia kimya nikiangalia kando ili asione. Kuna usiku niliotembea chumbani mpaka saa tisa kwa sababu ya tumbo la mtoto. Kuna mkojo uliopenya khanga, blauzi na sidiria dakika tano kabla ya ibada. Nayasema haya kwa sababu mama anayeyapitia leo anastahili kujua kwamba hajakosea popote. Kazi yenyewe ndivyo ilivyo.

Na wako wanaobeba zaidi yangu, mtoto na maji pamoja. Miamba ya volkano ya Meru, mlima huu wa zaidi ya mita 4,500 unaotupa mvua na udongo mzuri, hutia floridi nyingi kwenye baadhi ya chemchemi na mito yetu. Kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na maji ya sehemu kama Maji ya Chai na Ngarenanyuki huzidi hapo kwa mbali. Meno ya kudumu hujengeka ndani ya taya miaka ile ile ya mbeleko, na maji hayo huyaacha na rangi ya kahawia maisha yote. Floridi ikizidi sana hupinda hata mifupa ya miguu. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimehangaika miaka mingi na vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe vya kuiondoa floridi hiyo. Pale ambapo kichujio hakijafika, mama hupita bomba lililo karibu akaenda la mbali lenye maji mazuri, ndoo kichwani, mtoto mgongoni. Kila hatua ya safari hiyo ni jino moja linalookolewa, naye mtoto amelala, hajui.

Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Ni haki njema, naiombea iheshimiwe. Ila mama anayeuza ndizi Tengeru siku ya gulio hana mwajiri wa kumwomba saa hizo mbili. Ana khanga. Humzungusha mtoto kutoka mgongoni hadi kifuani bila kufungua fundo, akamnyonyesha huku anapokea fedha, akamrudisha. Nimeona mikono ya mafundi wengi mjini hapa. Sijaona inayoshinda hiyo.

Mwanangu mdogo sasa ana miaka sita na anakimbia mbele yangu kwenda shule. Khanga ile iliyochoka imebaki tambara laini ninalofunikia mkate. Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya maji, ukungu umeshuka mpaka kwenye paa za nyumba, ndoo yangu ikiwa ya tano kutoka mbele. Binti mmoja aliyekuwa nyuma yangu, mjamzito wa mimba yake ya kwanza, akaniuliza kwa upole, "Mama, mbona unayumba? Unaumwa?"

Nikaangalia miguu yangu. Kushoto, kulia, kushoto.

"Siumwi, mwanangu," nikamjibu. "Simama hapa karibu nikuonyeshe."