Mwalimu Anayetaka Kujibiwa

Mwanafunzi wa hesabu anaweza kukosea kimyakimya: anakata, anafuta, anaanza upya, na jirani yake wa dawati asijue. Mwanafunzi wa lugha ya kigeni hana pa kujificha. Sharti afungue kinywa na kukosea kwa sauti, mbele za watu. Awe wakili, awe mama wa watoto sita, awe mzee wa baraza ambaye kwao akisimama watu hunyamaza, akiingia darasa la lugha anarudi utotoni: anatafuta jina la kikombe, anachanganya jana na kesho, anaomba maji kwa vidole. Aliyeshika chaki ndiye aliyeshika heshima yake. Ufundi wa kazi hii huanzia hapo, kabla ya sarufi na kabla ya kamusi.

Sisi wa Afrika Mashariki tumeuona ufundi huo ukiharibiwa. Wapo kati yetu waliovishwa kipande cha ubao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama katika uwanja wa shule. Kipande kikazunguka shingo hadi shingo mpaka jioni, na wa mwisho akala viboko. Kiingereza kilitufikia kikiwa kimeongozana na askari, karani na hakimu. Kwa hiyo anayetaka kumsifu mwalimu wa Kiingereza aliyevuka bahari kwenda kufundisha watu walioshindwa vitani ana deni la maelezo. Nitalilipa kwa habari za mwalimu mmoja ambaye mtihani wake ulikuwa mgumu kuliko ya wengi: Elizabeth Gray Vining wa Philadelphia.

Alizaliwa mwaka 1902. Mwaka 1933 alifiwa na mumewe katika ajali ya gari ambayo yeye mwenyewe alitoka nayo majeruhi, na baada ya msiba huo akajiunga na Marafiki, Wakristo wanaojulikana pia kwa jina la Quaker. Ni madhehebu ambayo Wakenya wa magharibi hawahitaji kuelezwa, maana Marafiki wa Marekani walifungua misheni yao Kaimosi mwaka ule ule wa 1902, na leo Kenya ina waumini wa madhehebu hayo wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Tangu karne ya 17 Marafiki wamekuwa na fundisho moja lililowaponza mara nyingi: Mkristo hashiki silaha, hata serikali yake ikimwamuru. Bi. Vining aliliamini hilo katika miaka ambayo nchi yake nzima ilikuwa vitani. Alikuwa mwandishi wa vitabu vya watoto, na mwaka 1943 alipata Medali ya Newbery, tuzo kubwa ya fani hiyo nchini Marekani.

Mwaka 1946 tume ya elimu ya Marekani ilizuru Japani. Mfalme Hirohito, ambaye majeshi yake yalikuwa yamesalimu amri miezi michache nyuma, aliiomba imtafutie mwalimu wa Kiingereza wa mwanawe Akihito, mrithi wa kiti, kijana wa miaka 12. Alitaka mwanamke, Mkristo lakini asiye na ushupavu wa dini, na hakumtaka awe na ujuzi wa Kijapani. Bi. Vining alifika Oktoba 1946 kwa mkataba wa mwaka mmoja, akakaa minne.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni huyu alikuwa raia wa nchi iliyouchoma mji aliofikia. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 1945, ndege za Marekani zilimwaga mabomu ya moto juu ya mitaa ya mbao ya Tokyo, na watu wapatao 100,000 wakafa. Miezi 19 baadaye, mwanamke kutoka Philadelphia anaendeshwa kwenye gari kupita katika magofu hayo, mkobani ana vitabu vya kusomea, anakwenda kufundisha watoto wa mji huo namna ya kusema habari za asubuhi.

Tusidanganyane kwamba lugha yenyewe huleta amani. Wakati wa vita Japani ilikiita Kiingereza lugha ya adui, hata mchezo wa besiboli ukatafutiwa msamiati mpya ili waamuzi wasitamke maneno ya Kimarekani. Marekani nayo haikulala: jeshi lake la majini lilikuwa na shule ya Kijapani huko Boulder, Colorado, iliyofundisha maofisa kusoma barua zilizotekwa na kuhoji mateka. Ile ilikuwa shule nzuri, na wahitimu wake walijua lugha barabara. Ila walifundishwa lugha ya mtu ili wapate siri zake. Hapo ndipo njia zinapoachana. Anayehoji anataka mateka atoe alichokificha, basi. Mwalimu anataka mwanafunzi apate maneno ya kusema atakalo, na miongoni mwa atakayo inawezekana kabisa limo neno ambalo mwalimu hatapenda kulisikia.

Bi. Vining alilisikia mapema. Siku yake ya kwanza na darasa la wavulana katika shule ya Gakushuin, aliwagawia wote majina ya Kiingereza, dawati baada ya dawati. Zamu ya mwanamfalme ilipofika akamwambia kwamba katika darasa hili jina lake ni Jimmy. Mvulana akakataa: yeye ni Mwanamfalme. Mwalimu akakubali kwamba kweli ndivyo alivyo, na kwamba jina lake halisi ni Akihito, kisha akaeleza kuwa humu darasani kila mmoja ana jina la Kiingereza, na lake ni hilo. Mwishowe mvulana akatabasamu, na somo likaendelea.

Msomaji wa kwetu kisa hiki kinamchoma. Tunajua maana ya mgeni kuingia darasani na kukubatiza jina ambalo bibi yako hawezi kulitamka. Mwalimu alikuwa na sababu zake: alitaka mtoto aliyezoea kuinamiwa na kila mtu aonje, kwa saa moja, kuwa mmoja kati ya wenziwe. Sababu hizo ni nzuri, na bado sitaki kumtetea. Ninachokisifu ni kitu kingine. Kukataa kwa mvulana yule kulitoka kwa Kiingereza. Alikuwa ameichukua zana aliyoletewa na kuitumia kumzuia aliyeileta, na mwalimu hakugeuka mbogo. Hakuitwa mkuu wa shule wala kiboko hakikuonekana. Alijibiwa, naye akajibu. Kwa mwalimu wa lugha hayo ndiyo mavuno, yaje kwa adabu au yaje kwa ukaidi.

Kazi ya kila siku ilikuwa ya kawaida kabisa, na ni katika ukawaida huo ndipo mtu hupimwa. Palikuwa na vipindi vya darasani, vipindi vya faragha na mwanamfalme, vipindi vya dada zake, na baadaye Malkia naye akawa mwanafunzi. Mwanzoni mtoto alifundishwa huku watumishi wa ikulu wamekaa pembeni wakisikiliza, naye alikuwa na mazoea ya kuwatazama kabla ya kujibu. Ikulu ilikuwa imemlea asitamke kitu kisichopimwa. Mwalimu hakupigana na ikulu. Alibadilisha mpangilio: aliomba wanafunzi wenziwe waingie katika vipindi vya faragha, ili mazungumzo yawe ya wavulana watatu wenye ubishi wao, na siyo mahojiano ya mtu mmoja. Akatafuta pia wavulana wa kigeni waje kucheza naye. Hakuna silabasi inayofundisha hila hiyo. Inatokana na kumtazama mwanafunzi na kuuliza ni nini kinachomziba kinywa.

Jioni mambo yaligeuka. Nje ya darasa yeye ndiye aliyekuwa mjinga. Hakujua Kijapani, na kila barua, kila salamu ya jirani, kila neno la mpishi lilimfikia kwa kupitia kwa mkalimani. Nadhani mwalimu aishiye ugenini hupata hapo funzo ambalo chuo cha ualimu hakiwezi kumpa. Asubuhi anamsahihisha mtoto aliyesahau wingi wa neno, jioni yeye mwenyewe hawezi kuuliza bei ya viazi. Mtu wa namna hiyo, akiwa na moyo, kalamu yake nyekundu hupungua ukali.

Halafu kuna kimya. Marafiki wa Kaimosi huabudu kwa nyimbo na mahubiri, lakini wale wa Philadelphia hukaa kimya, labda saa nzima, mpaka mmoja aguswe na kusimama kusema. Sijui maandalizi bora kuliko hayo kwa mwalimu wa lugha. Umeuliza swali, mwanafunzi anahangaika: ana wazo kwa lugha yake, anatafuta kitenzi, anakipanga, anakiogopa. Mwalimu dhaifu hauvumilii muda ule. Hujibu mwenyewe, au humrukia mwerevu wa mbele. Aliyezoea kukaa kimya na wenzake bila kuona kwamba muda unapotea hungoja, na kungoja kwake kunamwambia yule mtoto kwamba alicho nacho kinastahili kungojewa.

Itikadi yake ya kupinga vita hakuihubiri darasani. Mazingira yaliihubiri kuliko yeye. Msimamizi mkuu wa masomo ya mwanamfalme alikuwa Koizumi Shinzo, mchumi aliyepata kukiongoza Chuo Kikuu cha Keio. Mwanawe wa pekee alifia katika jeshi la majini, na uso wake mwenyewe ulikuwa na makovu ya moto wa mabomu ya Marekani. Walimu hao wawili walifanya kazi pamoja, wakaheshimiana, wakawa marafiki. Ukiwaza ni wangapi leo huvunja udugu kwa sababu ya kura, utaona uzito wa jambo hilo.

Tarehe 3 Mei 1947 Katiba mpya ya Japani ilianza kutumika, na kifungu chake cha 9 kiliikana vita kama haki ya taifa. Mtu aweza kudhani mwalimu wa imani yake sasa amefika peponi. Lakini pepo ile ilikuwa na wanyongaji. Tarehe 23 Desemba 1948, Tojo Hideki, waziri mkuu wa wakati wa vita, na wenzake sita walinyongwa baada ya hukumu ya mahakama ya kimataifa iliyokaa Tokyo. Siku hiyo mwanamfalme alikuwa anatimiza miaka 15. Kisha vikaja vita vya Korea mwaka 1950, na Wamarekani wale wale walioisimamia katiba wakaiagiza Japani iunde kikosi cha akiba cha polisi cha watu 75,000. Mwalimu aliyaona hayo yote akiwa bado na vipindi vyake vya kufundisha. Serikali hubadili mafundisho yake kwa kufuata upepo. Mwalimu wa darasa, akiwa mwaminifu, hubaki na lile aliloanza nalo.

Juni 1949 alimpeleka mwanafunzi wake kwa Jenerali Douglas MacArthur, mtawala halisi wa Japani ya siku zile, bila mkalimani kati yao. Kijana wa miaka 15, mtoto wa mfalme aliyeshindwa, aliulizwa maswali na jemadari aliyeshinda, akajibu kwa kinywa chake. Wapo watakaosema kwamba huko ndiko kushindwa kwenyewe, kumjibu mshindi kwa lugha ya mshindi. Hoja hiyo ina nguvu, na Mwafrika hawezi kuipuuza. Lakini mkalimani angeweza kulainisha, kupunguza au kuongeza. Asiye na mkalimani anajisemea, na alichokisema ni chake.

Bi. Vining alirudi kwao mwaka 1950, na nafasi yake ikachukuliwa na Rafiki mwingine, Esther Rhoads. Aliandika kitabu kuhusu miaka ile, na mwaka 1959 alialikwa kwenye harusi ya mwanafunzi wake. Angeweza kuzeeka kwa raha akisimulia habari za ikulu. Badala yake, mwaka 1969, akiwa bibi wa miaka zaidi ya 60, alikamatwa na polisi mjini Washington katika maandamano ya kupinga vita vya Vietnam mbele ya jengo la Bunge. Kwa miaka minne alikuwa amewataka watoto wa kigeni wafikiri kwa akili zao na waseme wanachokiona hata mkubwa asipopenda. Aliporudi kwao, mkubwa alikuwa serikali yake mwenyewe, naye akasema.

Na mwanafunzi? Akihito alikuwa mfalme kuanzia 1989 hadi alipoachia kiti mwaka 2019. Alikwenda Saipan mwaka 2005 na Palau mwaka 2015 kuwainamia waliouawa vitani, Wajapani na wasio Wajapani, na Agosti 2015, miaka 70 baada ya vita, alitamka majuto makubwa hadharani. Kudai kwamba mbegu hiyo ilipandwa na mwalimu mmoja wa Kiingereza ni kumvunjia heshima mzee aliyeyaona magofu kwa macho yake mwenyewe. Mwalimu wa lugha hampi mtu dhamiri. Humpa sauti zaidi ya moja ya kuisemea, kisha huondoka.

Kwa hiyo ukitaka kumpima mwalimu wa Kiingereza, wa Kifaransa, au wa hicho Kiswahili tunachokipeleka sasa nchi za mbali, usianze na matamshi yake. Keti dawati la nyuma usikilize. Nani anaongea kwa muda mrefu zaidi? Mwanafunzi akikosea, wenzake wanacheka, na mwalimu akiwaongoza? Akimpinga mwalimu kwa sentensi iliyovunjika, je, anasahihishwa sarufi tu, au anajibiwa hoja pia? Wakaguzi wa wizara zetu hufungua andalio la somo, kitabu cha mahudhurio na daftari zilizosahihishwa. Waliongeze na hilo katika fomu zao, maana mtoto aliyefundishwa kwamba kazi yake ni kuitikia tu, siku atakapokabidhiwa bunduki ataitikia vilevile.