Oili Chini ya Presha: Eskaveta Zilivyokata Milima ya Umatengo

Eskaveta ya tani 20 haina shafti, mnyororo wala mkanda unaotoka kwenye injini hadi kwenye bakuli lake. Kati ya vitu hivyo viwili kuna oili tu, inayopita kwenye mabomba ya chuma na mipira minene. Mashine za aina hii ndizo zilizokata kingo za milima ya Umatengo, mkoani Ruvuma, ilipojengwa barabara ya lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, mradi wa Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS) uliokopeshwa fedha na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Ndizo pia zinazofukua makaa ya mawe ya Ngaka, katika kijiji cha Ntunduwaro, ambako uchimbaji ulianza mwaka 2011. Mfumo unaozipa nguvu huitwa haidroliki, na kanuni yake ni fupi kuliko orodha ya vipuri vyake.

Kanuni yenyewe iliwekwa wazi na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: kimiminika kilichofungiwa kikisukumwa mahali pamoja, presha husambaa sawasawa kila upande. Mwingereza Joseph Bramah aliitumia kutengeneza shinikizo lake, akapewa hataza mwaka 1795. Katika eskaveta hesabu ni hiyo hiyo. Silinda yenye kipenyo cha ndani cha milimita 120 ina pistoni yenye eneo la sentimita za mraba 113. Oili ikiisukuma kwa presha ya kilo 350 kwa kila sentimita ya mraba, nguvu inayotoka ni karibu tani 40. Oili ikiingia upande wa pili, ule wenye fito, eneo hupungua kwa sababu fito limechukua nafasi yake. Kwa fito la milimita 85 hubaki takriban nusu. Ndiyo maana silinda hurudi kwa kasi zaidi kuliko inavyotoka, lakini ikiwa na nguvu ndogo.

Wengi hudhani pampu ndiyo inayotengeneza presha. Pampu husukuma oili tu. Presha huzaliwa pale oili inapokutana na kizuizi. Bakuli likipunga hewani, geji husoma kidogo. Meno yakigonga mwamba, oili inakosa pa kwenda na presha inapanda papo hapo, mpaka vali ya usalama ifunguke na kuirudisha kwenye tangi. Bila vali hiyo, mpira ungepasuka au injini ingezimika. Jambo hili lina maana kubwa kwa fundi: mashine isiyo na nguvu si lazima iwe na pampu mbovu. Huenda vali ya usalama imelegea, au sili ya pistoni imeisha na oili inavuja ndani kwa ndani, bila hata tone kuonekana nje.

Pampu ndiyo sehemu yenye ufundi mwingi zaidi, na ndiyo yenye gharama. Kwa kawaida eskaveta ya ukubwa huu ina pampu kuu mbili ambazo kwa pamoja huweza kusukuma zaidi ya lita 400 kwa dakika, yaani madumu 20 ya lita 20. Nguvu ya haidroliki ni presha ikizidishwa na mtiririko. Lita 400 kwa dakika kwa presha ya kilo 350 zingehitaji karibu kilowati 230, ilhali injini ya mashine hiyo hutoa takriban 110. Kitu lazima kipungue. Ndani ya pampu, pistoni ndogo huzunguka zikiegemea sahani iliyoinama: sahani ikiinama sana, kila pistoni huvuta na kusukuma oili nyingi, ikinyooka, huvuta kidogo. Kirekebishaji huisikiliza presha na kuinyoosha sahani kila mzigo unapoongezeka. Opereta huliona hilo kwa macho: mkono unaokwenda mbio ukiwa mtupu hupunguza mwendo mara bakuli linapozama kwenye mwamba, na injini haizimiki. Anayedhani mashine imechoka amekosea. Imebadilisha kasi kuwa nguvu.

Kati ya pampu na silinda kuna vali kuu za kuelekeza oili. Opereta hagusi oili hiyo ya presha kubwa. Vishikio anavyovisukuma hupitisha presha ndogo tu ya kuamrisha, ambayo kwa kawaida haizidi kilo 40 kwa sentimita ya mraba, nayo ndiyo inayosogeza fito za vali. Kwenye miteremko ya kushukia Ziwa Nyasa kuna vali nyingine zenye thamani kuliko zote. Moja hufunga oili ndani ya silinda ili mkono usianguke ghafla mpira ukikatika. Nyingine hukaa kwenye mota za minyororo ya kutembelea na kuzuia mashine isiteleze kwa kasi kuliko opereta anavyotaka. Tipa zinazobeba makaa zina mpangilio rahisi zaidi: pampu moja iliyofungwa kwenye gia boksi, vali, na silinda ya kutoka hatua kwa hatua. Oili hunyanyua bodi. Uzito wake wenyewe huirudisha chini.

Oili hufanya kazi nne kwa pamoja: kubeba nguvu, kulainisha, kuziba mianya na kuondoa joto. Namba iliyoandikwa kwenye pipa, 46 au 68, inaeleza uzito wake, yaani ugumu wake wa kutiririka, na Ruvuma inaonyesha vizuri kwa nini namba hiyo si ya kupuuza. Mbinga iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai ni za baridi kali; uso wa Ziwa Nyasa hauzidi mita 500 na mwambao wake una joto. Oili nzito inayofaa Mbamba Bay inaweza kusuasua asubuhi huko juu na kuinyima pampu chakula chake. Isitoshe, kinachoisukuma oili kuingia kwenye pampu ni hewa, na hewa ya mlimani ina presha pungufu kwa karibu moja ya kumi ikilinganishwa na ya ziwani. Pampu ikikosa oili, mapovu huundwa na kupasuka ndani yake, hutoa mlio wa kokoto na kuumega uso wa chuma. Matangi mengi ya eskaveta hufungwa na kuwekewa presha kidogo kwa sababu hiyo. Kupasha mashine moto polepole kabla ya kazi hakugharimu kitu kikubwa.

Joto la kupita kiasi nalo lina hasara yake. Oili ikizidi nyuzi 80 hivi za selsiasi hulegea, sili hukakamaa na uvujaji wa ndani huongezeka. Rejeta iliyozibwa na vumbi ndiyo chanzo cha kwanza cha kukagua.

Hata hivyo adui mkubwa ni uchafu. Nafasi kati ya fito la vali na nyumba yake ni mikroni chache tu. Unywele wa mtu una mikroni 70 hivi. Punje zinazoharibu ni zile jicho lisizoweza kuziona. Vumbi la makaa na mchanga wa mwamba huingia kupitia sili za fito zilizochakaa, kupitia kipumulio cha tangi, na mara nyingi kupitia dumu chafu la kuongezea oili. Filta huokoa mengi, lakini ikijaa, vali yake ya pembeni hufunguka na oili hupita bila kuchujwa. Oili mpya ya pipa nayo inafaa ichujwe kabla ya kumiminwa.

Kwa usalama wa fundi, kabla ya kufungua mpira wowote, bakuli hulazwa chini, injini huzimwa, na vishikio huchezeshwa pande zote ili presha iliyobaki iishe. Uvujaji mdogo hutafutwa kwa kipande cha boksi, kamwe si kwa kiganja: mchirizi mwembamba wa oili hutoboa ngozi na kuacha alama ndogo isiyouma sana mwanzoni, ilhali chini yake nyama inaharibika. Aliyechomwa hivyo hupelekwa hospitali saa ile ile, na daktari huambiwa wazi kwamba kilichoingia ni oili ya haidroliki.