Ipime Ingali Imesimama

Mwezi wa kumi mwaka jana nilimsindikiza rafiki yangu, mtu wa Tanga tunayeishi naye hapa Columbus, Ohio, kwenda kuangalia pikipiki aina ya kruza iliyotangazwa kuuzwa. Ana miaka 64. Magoti yake yamechoka kwa kazi ya ghalani, na tangu aiache Honda 125 aliyokuwa akiendea shamba Muheza hajamiliki pikipiki nyingine. Tulimkuta muuzaji ameshaitoa uani, ameisugua kromi mpaka unajiona uso. Rafiki yangu akaanza kutabasamu kabla hajaikaribia. Mimi nikaweka kiganja ubavuni mwa injini. Ilikuwa ya moto, na sisi ndiyo kwanza tunafika.

"Bwana," nikamwambia, "leo hatununui. Tumwombe aiache ipoe, turudi jioni."

Hakufurahi, lakini alikubali. Na humo njiani, tukinywa kahawa kungoja jioni, nikamweleza ninachotaka kukieleza hapa.

Kruza ni pikipiki ya kukalia, si ya kukimbizia. Kiti kiko chini, usukani umerudi kwa dereva, miguu imetangulia mbele, injini ina nguvu tangu mzunguko wa chini kwa hiyo hulazimiki kubadili gia kila saa. Ndiyo maana watu wazima huipenda. Lakini uzito wake ndio mtihani. Kijana hununua pikipiki kwa namna inavyokwenda. Sisi tuliovuka sitini tununue kwa namna inavyosimama. Ikishapita kilomita 20 kwa saa, hata ile ya kilo 350 hujibeba yenyewe. Inapokuja kukulemea ni kwenye taa nyekundu yenye mteremko, kituo cha mafuta chenye kokoto, au unapotaka kuirudisha nyuma uitoe kwenye maegesho. Mimi nililipata somo hilo kwa kifundo cha mguu. Nilinunua pikipiki ya karibu kilo 330 kwa sababu ilikuwa tulivu barabarani kama kitanda, na mwezi wa pili ikanilalia nikiwa nimesimama kabisa, nageuza usukani nitoke kwenye pampu. Nilikaa wiki sita bila kuvaa kiatu cha kulia.

Basi kipimo cha kwanza hakihitaji hata ufunguo. Iache juu ya stendi ya pembeni, kaa, nyoosha usukani, kisha isimamishe wima kwa mapaja yako. Usiivute kwa mikono wala kwa mgongo. Ikiwa umelazimika kujikamua au kuhesabu moja, mbili, tatu, hiyo siyo yako, hata ikiuzwa bei ya bure. Ikishasimama, angalia nyayo: zote mbili zilale chini bapa, na magoti yabaki yamekunjika kidogo, maana goti lililonyooka halina nguvu ya kuzuia kitu kinachoanza kuinama. Rudi nyuma hatua tano ukiwa umekaa. Kisha peleka usukani wote kushoto, halafu wote kulia, na uone kama mkono wa mbali bado unafika bila bega kutoka mahali pake. Wengi hawafanyi jaribio hili, wanakuja kuligundua siku ya kwanza wanapogeuza kwenye njia nyembamba.

Bonyeza klachi mara ishirini mfululizo. Kiganja cha umri wetu, hasa chenye baridi yabisi, hakilalamiki mara ya kwanza. Hulalamika ya kumi na tano. Na ushuke na kupanda mara tatu, uone nyonga inasemaje unapoupitisha mguu juu ya kiti. Kama muuzaji ameweka egemeo refu la abiria, mguu utalazimika kupanda zaidi. Egemeo hufunguliwa kwa bolti chache, kwa hiyo lisikukoseshe pikipiki nzuri.

Kuhusu miguu, nitasema jambo ambalo wapenda kruza wengi watanipinga. Vikanyagio vilivyokaa mbele kabisa vinapendeza kwenye picha, lakini mgongo wenye umri hauvipendi. Miguu ikiwa mbele, uzito wote wa kiwiliwili unakaa kwenye mfupa wa kitako, na ukikutana na shimo huwezi kujiinua. Pigo linapanda moja kwa moja hadi kiunoni. Vikanyagio vya katikati, chini ya magoti au mbele kidogo, vinakuruhusu kusimama nusu. Kawasaki Vulcan S, iliyoanza kuuzwa mwaka wa modeli 2015, ina sifa moja kubwa kwangu: vikanyagio vyake vinaweza kusogezwa mbele au nyuma, na kuna viti na usukani vya vipimo tofauti. Ukiikuta iliyotumika, muulize mwenyewe alikuwa na urefu gani, kwa sababu huenda aliipanga kwa mwili wake.

Sasa kilo. Yamaha V Star 250, ile iliyokuwa ikiitwa Virago 250, ina uzito wa karibu kilo 147, na mtu yeyote anayetembea bila fimbo anaweza kuimudu. Suzuki Boulevard S40, ambayo kabla ya 2005 iliitwa Savage, ni kama kilo 173. Honda Rebel 500 ya kuanzia 2017 iko karibu 190. Vulcan S na Yamaha V Star 650 zinacheza kwenye 230. Harley-Davidson Sportster 883 inapita 250 kidogo, na Suzuki Boulevard C50 inakaribia 280. Kwa mtu wa miaka 60 na kitu, mwenye afya ya kawaida, naweka mpaka kwenye 230. Zaidi ya hapo, awe hajawahi kuacha kuendesha. Mwenye kiganja dhaifu lakini nguvu nyingine anazo, aitazame Honda Rebel 1100 ya 2021 na kuendelea, ile yenye gia za kujibadilisha: haina kabisa mkono wa klachi. Bei yake bado iko juu hata ikiwa imetumika.

Tukarudi jioni. Injini ilikuwa baridi, na hapo ndipo ilipotueleza habari zake. Injini ya moto huwaka kwa kila mtu. Ya baridi ndiyo inayokwambia kama kabureta zimejaa utando wa petroli iliyooza, kama betri ni mgonjwa, kama valvu zimekaza. Stata ilizunguka kwa uvivu, injini ikashika, ikazima, ikashika tena kwa silinda moja, ya pili ikaja baada ya dakika nzima. Moshi wa bluu ulitoka mara moja ukaisha. Moshi wa bluu ni oili inayoungua; mweusi ni petroli nyingi kupita hewa. Nikaweka kipimo cha umeme kwenye betri: volti 13 tu injini ikiwa imechangamka, mahali ambapo ingepasa kuwa baina ya 13.5 na 14.5. Kitu kimoja kati ya hivyo kingetosha kupunguza bei. Vyote kwa pamoja vilitosha kumshukuru yule bwana na kuondoka.

"Lakini ina maili 6,000 tu," rafiki yangu akaniambia garini, kwa uchungu.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Kruza ya hapa Marekani mara nyingi inamilikiwa na mtu aliyeitumia Jumapili chache za kiangazi, ikalala miezi sita ya theluji, mwaka hadi mwaka. Maili chache hazimaanishi uchakavu mdogo. Pikipiki isiyotembea huharibika kwa namna yake: petroli hugeuka gundi, sili za shokapu za mbele hukauka na kupasuka, oili ya breki hunywa unyevu na kuwa rangi ya chai. Mimi afadhali nichukue yenye maili 25,000 na daftari la matengenezo kuliko yenye 6,000 na hadithi.

Tairi ndizo zinazosema ukweli haraka. Ubavuni, baada ya herufi DOT, tafuta tarakimu nne za mwisho: 2314 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Meno yanaweza kuwa marefu kabisa na mpira umekauka kama soli ya kiatu kilichosahauliwa darini. Ikifika miaka sita au saba, mimi naihesabu kuwa ya kubadilishwa, na gharama hiyo naitoa kwenye bei palepale.

Kuanguka hujificha, lakini si mbali. Tazama ncha za mikono ya breki na klachi, ncha za usukani, kingo za vikanyagio, tumbo la ekzosi, na vile vizuizi vidogo chini ya usukani vinavyouzuia usizunguke kupita kiasi. Mkwaruzo upande mmoja tu wa ncha hizo ni pikipiki iliyoangushwa ikiwa imesimama, nami siihukumu kwa hilo. Kizuizi kilichopondeka au kupakwa rangi upya ni habari nyingine. Kinakwambia mbele iligonga kitu. Mwombe mwenyewe akusaidie kuinua gurudumu la mbele, kisha uuzungushe usukani polepole kwa kidole kimoja. Ukihisi unakwama kidogo katikati, kama droo inayonasa njiani, beringi za usukani zimekwisha. Tia tochi ndani ya tanki pia. Kutu ya tanki haina dawa rahisi.

Jinsi nguvu inavyofika gurudumu la nyuma ni suala la mgongo pia. Cheni inataka mtu wa kupiga magoti kila maili mia kadhaa, aisafishe, aipake mafuta, aikaze. Shafti, kama ya V Star 650 au ya Honda Shadow Aero ya 2004 na kuendelea, inataka oili yake ibadilishwe kwa ratiba basi. Mkanda wa mpira, ulioko kwenye S40 na kwenye Harley nyingi, hauna grisi na hauna kelele. Kagua kila jino lake, kwa sababu jiwe moja likiingia hutoboa. Na ukipata yenye breki za ABS, zinazozuia gurudumu lisifunge, kwa tofauti ya dola mia chache, toa hizo dola. Mkono ulioshtuka hubana kupita kiasi, na kushtuka kwetu siku hizi ni kwingi.

Karatasi ni fupi. Namba ya fremu, tarakimu na herufi 17, imepigwa shingoni mwa fremu. Ifanane na hati ya umiliki, herufi kwa herufi. Ya kumi inakwambia mwaka wa modeli. Iingize kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya usalama barabarani ya Marekani, uone kama kiwanda kiliiita irudi kurekebishwa. Hati iliyoandikwa kwamba chombo kiliwahi kufutwa na bima, mimi siigusi.

Wiki tatu baadaye, baridi imeanza kuuma na bei zimeshuka kama zinavyoshuka kila mwaka theluji ikikaribia, tulipata S40 ya mwalimu mstaafu. Silinda moja, kwa hiyo inatetemeka kwenye barabara kuu, nami nilimweleza rafiki yangu hivyo wazi: ni chombo cha barabara za vijijini na mwendo wa maili 55, si cha kwenda Chicago. Mwalimu alitupa bahasha ya risiti, na kati yake ilikuwamo ya fundi aliyekagua kikaza cheni cha ndani ya injini, jambo ambalo kila mnunuzi wa S40 ni lazima aliulizie. Injini ilikuwa baridi kama jiwe la mto. Ikashika mara ya pili.

Rafiki yangu hakuiendesha siku ile. Aliketi, akaisimamisha kwa mapaja, akarudi nyuma nayo kwenye ule mteremko mdogo wa uani, hatua tano, kumi, mpaka karibu na barabara. Kisha akaisogeza mbele tena hadi ilipokuwa, akateremsha stendi, akanitazama.

"Bwana, hii inanisikia."

Akatoa pochi.