Neno «uaminifu»: tusilipunguze

Neno uaminifu tunalisema kila siku, dukani, kazini, hata siku ya ndoa mbele ya padri. Lakini mara nyingi tunalitumia vibaya. Tulipime kidogo.

Kwanza tuone ukoo wake. Neno hili lilitoka katika Kiarabu, nalo lina ndugu: kuamini, imani, amana. Amana ni kitu ulichowekewa na mwenzako, upate kumrudishia siku atakapokitaka. Tena mwisho wa neno mwaminifu unatufundisha. Msahaulifu si mtu aliyesahau mara moja, ni mwenye desturi ya kusahau. Mharibifu vile vile. Basi mwaminifu si mtu aliyeshika neno lake jana tu. Ni yule anayelishika leo na kesho, hata siku ya taabu.

Wengine husema: «Fulani ni mwaminifu, haibi franka.» Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya neno. Mume asiyeiba, anayeleta mshahara nyumbani, lakini ana mwanamke mwingine ng'ambo ya mto, je, tumwite mwaminifu? Amana aliyowekewa si franka, ni mke wake.

Wengine huchanganya uaminifu na kushikamana tu. Ndege aliyenaswa na ulimbo anashikamana sana na mti, lakini angepata nafasi angeruka. Mtu anayebaki kwa sababu hana njia ya kuondoka, huyo amenaswa. Mwaminifu anaweza kuondoka, naye anabaki.

Kosa la tatu ndilo baya zaidi: kumwita mwaminifu yule anayeficha wizi wa mkubwa wake. Huo ni woga, ama ni kutafuta faida. Tumtazame Mwenye heri Isidore Bakanja, ndugu yetu wa Kongo. Alibatizwa mwaka 1906, kisha akafanya kazi kwa Wazungu wa kampuni. Kazi aliifanya. Lakini alipoamriwa avue skapulari ya Bikira Maria, alikataa. Mwaka 1909 alipigwa sana, na vidonda vile vikamwua tarehe 15 Agosti mwaka uleule. Kabla ya kufa alimsamehe aliyempiga. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye heri mwaka 1994. Bakanja alijua kupima: bwana wa kazi anadai kazi, lakini moyo si mali yake.

Katika parokia sisi tunaitwa waamini. Jina hilo na neno uaminifu ni ukoo mmoja, wala hatuwezi kuchukua moja na kuacha lingine. Anayesali Jumapili, na Jumatatu akavunja ahadi aliyompa jirani yake, anatenganisha ndugu wawili. Basi, kabla ya kumsifu mtu kwa neno hili, tuulize: aliwekewa amana gani, na bado anaitunza?