Dua ya Mgonjwa katika Utenzi wa Mwana Kupona

Utenzi wa Mwana Kupona hufundishwa sana, lakini hufundishwa nusu. Katika madarasa mengi ya huku kwetu Burundi mwalimu huanza na mama anayemwita bintiye, hupitia beti za kumtii mume, wanafunzi hubishana juu ya haki za wanawake mpaka kengele ilie, na kitabu hufungwa. Labda chanzo ni cha zamani: Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka 1934 waliuita wosia juu ya wajibu wa mke, na jina hilo likautangulia utenzi kila ulikokwenda. Dua iliyo mwishoni huachwa, kana kwamba ni desturi tu ya kufungia utungo. Kwa maoni yangu dua hiyo ndiyo ufunguo wa utenzi mzima.

Tukumbuke ulitungwa katika hali gani. Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mji uliokataa kumwinamia Sultani wa Unguja na kulishinda jeshi lake mwaka 1845. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Utenzi ni wa mwaka 1858, na mtunzi anaeleza mapema kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima, wala hajapata kumwambia binti yake neno jema. Alikuwa mjane, mgonjwa, na mji wake ulikuwa na adui mwenye subira. Katika miaka ya 1860, yeye akiwa amekwisha fariki, Siyu ilitekwa. Hofu yake ilikuwa na sababu.

Basi anafanya nini? Anamwita binti aje na wino na karatasi. Anamwahidi hirizi ya kufunga kwa uzi, na hirizi yenyewe ni wosia. Watu wa pwani walivaa hirizi kwa kuogopa maradhi na husuda. Mama huyu anachukua neno hilo hilo la hofu na kulijaza mafundisho. Amalizapo lililo katika uwezo wake, ndipo anapomkabidhi Mungu lililobaki. Wanaodhani kwamba tawakali ni kukunja mikono wautazame mpangilio huu.

Upande wa fani, kina cha bahari ni -ia, na vitenzi vingi vinavyoangukia hapo ni vya kauli ya kutendea: kumwambia mtu, kumghufiria mja. Si vyote, na mwanafunzi hodari atatoa mifano ya kinyume, naye atakuwa na haki. Hata hivyo sikio husikia, ubeti baada ya ubeti, usemi ukimwelekea mwingine: kwanza binti, kisha Mola. Kwa hiyo tunapotoka katika wosia na kuingia katika dua hatushtuki. Sarufi imekwisha kututengenezea njia.

Sisemi kwamba dua yote ni ya kiwango kimoja. Maombi yanafuatana kwa wingi, ya afya, ya stara, ya watoto, ya ndugu, ya Waislamu wote, na katikati sauti ya mgonjwa hupotea kidogo ndani ya maneno yaliyozoeleka. Lakini inarudi. Karibu na mwisho, anapojitaja, anajiita mgeni mwenye majonzi na mwenye dhambi. Baada ya kuomba kote huko majonzi bado yapo, na hakuna ubeti unaotangaza kwamba amepona, ingawa Kupona ndilo jina lake.

Linganisheni na mashairi ya dini tunayosahihisha kila muhula, ambamo hofu huyeyuka katika ubeti wa mwisho kama sukari katika chai. Wanafunzi wetu ni watoto wa watu walioishi vita vya 1993 hadi 2005. Nyumbani wamesikia kwamba mtu aweza kusali usiku kucha kwa yakini kamili, na kukikucha akawa na woga ule ule, na bado akaamka kusali tena. Darasani hawajaonyeshwa kwamba fasihi ya Kiswahili ililisema jambo hilo zamani.

Kiamu cha utenzi kitawatatiza. Sherehe fupi ya maneno ubaoni yatosha kuanzia, na dua husomeka katika kipindi kimoja.