Neno la Heraclitus juu ya Umri na Mtoto

Heraclitus wa Efeso, aliyeishi yapata mwaka 500 K.K., aliandika kitabu kimoja, nacho kimepotea. Yaliyosalia ni vipande vilivyonukuliwa na wengine. Kile ambacho Hermann Diels alikipa namba 52 ni kifupi mno, nacho kimewasumbua wafasiri wengi: humo aion hufananishwa na mtoto achezaye mchezo wa ubao, tena mtoto huyo hupewa ufalme.

Wengi huandika "wakati" mahali pa aion. Kwa maoni yetu wamekosea, maana wakati kwa Kiyunani ni khronos. Kwa Homer, aion ni uhai wenyewe, ule umtokao mtu afapo. Baadaye likawa muhula wa maisha, kisha dahari, hata kwa Plato likawa milele. Heraclitus yu karibu na Homer kuliko Plato. Basi "umri" lafaa zaidi. Wala msomaji asilidharau kwa kuwa sisi twalitumia kuhesabia miaka, kwani katika Kiarabu lilikotoka maana yake ni maisha.

Lakini uzito wa jambo u katika mchezo. Mtoto ni pais, na kucheza ni paizein, hata Myunani asikiapo neno moja husikia na la pili. Hilo Kiswahili hakiwezi kulirudisha. Ila mfasiri akiandika "kucheza" tu, msomaji atamwona mtoto pwani, ajengaye mchanga na kuuvunja, na maisha yetu yatakuwa mambo ya ovyo yasiyo na haki wala sheria. Mtoto huyo wa mchanga ni wa Homer, katika kitabu cha 15 cha Iliad, Apollo abomoapo ukuta wa Wayunani. Nietzsche aliwachanganya hao wawili katika maandiko yake ya mwaka 1873. Maneno yake yapendeza, lakini si ya Heraclitus. Mchezo uliotajwa ni pesseia, wenye ubao, vijiwe na kanuni, na Plato asema katika Jamhuri kwamba hapana aujuaye vema asipojizoeza tangu utotoni. Hapa Kiswahili kina bahati: tunalo bao. Michezo hiyo si mmoja, kwani kete zetu hupandwa mashimoni, na vijiwe vyao vilisogezwa. Walakini asikiaye "bao" hafikiri ovyo, hufikiri hesabu.

Diogenes Laertius asimulia kwamba Heraclitus alimwachia ndugu yake ufalme, akaenda kucheza vifupa na watoto penye hekalu la Artemi, akiwaambia Waefeso kuwa ni heri hivyo kuliko kutawala pamoja nao. Wako waifanyao hadithi hii kuwa ufunguo wa kifungu. Sisi twashuku kwamba kifungu ndicho kilichoizaa: mtoto, mchezo na ufalme vyote vimo, isipokuwa ubao umegeuzwa kuwa vifupa.